Kwa Wahusika

Umefika Kisumu Jumanne kwa basi la mchana,
kilo moja na nusu, ndani ya pakiti ya unga
iliyofungwa kwa uzi wa katani.
Mwandiko ni wa baba, herufi kubwa zilizoinama
kama mahindi baada ya mvua ya mawe:
SHINYALU. SHAMBA LA JUU. MNIAMBIE UNA NINI.

Anajua nafanya kazi hapa maabara.
Hata hivyo hakuandika jina langu.
Aliandika, Kwa Wahusika.

Nami ni mhusika.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Februari, majani makavu kama karatasi.
Ami Lisamula alikuwa amefyeka wiki mbili,
mitere, mikomari, na mti mmoja ambao hakuna aliyejua jina lake,
ukalala juu ya wenzake ukitoa utomvu mweupe hadi ukakauka.
Baba alikuwa na kiberiti. Nilikiomba.
Akacheka, akanipa.

Vijiti viwili vilizimika.
Cha tatu, sikusikia tena mtu akisema.
Nyani walipita juu yetu bila kelele, wamebeba watoto.

Asubuhi ardhi ilikuwa nyeupe, laini, vuguvugu chini ya nyayo.
Mama aliingiza kidole, akalamba, akasema: chumvi.
Na kweli, mwaka ule mahindi yalipita paa la choo.
Magunia kumi na moja! Tukanunua mabati,
nikanunuliwa viatu vilivyonibana, nikavivaa hivyo hivyo.

Wahenga walisema moto huzaa jivu.
Hawakutuambia jivu nalo huzaa nini.

Mwaka wa pili, saba.
Wa tatu, manne, na punje zilikuwa na mapengo kama meno ya mzee Imbuka.
Kisha likaja kayongo na maua yake ya zambarau,
zuri, jamani, zuri la kukutia hasira,
likinyonya mahindi mizizini huku juu linatabasamu.
Jirani akasema tumerogwa.
Ami akasema msitu bado uko, tusogee mbele kidogo.
Tukasogea.

Leo nimeuanika, nimeuponda, nimeuchekecha.
Uchachu: nne nukta nane.
Kaboni: haifiki moja katika mia.
Fosforasi: mashine ilisita, nikarudia, ikasita tena.
Nimetafuta hata kipande cha nyungunyungu, ganda la mdudu, uzi wa kuvu.
Ni wekundu tu, kama tofali lililosubiri ukuta
likachoka.

Baba, nikueleze vipi kwa simu
kwamba utajiri haukuwa ardhini?
Ulikuwa safarini.
Jani likianguka lilioza, uozo ukapanda mzizi,
mzizi ukarudi kuwa jani, na duara halikuwahi kugusa chini
kwa muda wa kutosha mvua iuone.
Sisi tulilisimamisha kwa siku moja.
Tukala akiba yote kwa misimu mitatu,
iliyobaki ikashuka na mvua ya Aprili hadi mto Isiukhu,
ukapita kijijini na rangi ya chai ya maziwa
watoto wakashangilia.

Sehemu ya Mapendekezo nimeijaza:
chokaa, magunia manane kwa ekari.
Samadi, usiiuze.
Mabua usichome. Nakuomba, mabua usichome.
Panda maharagwe katikati, na mikomari mpakani,
hata kama hutakaa kivulini mwake.
Nimetumia herufi kubwa, maana miwani yake ilivunjika Krismasi.

Juu ya chekecheke kilibaki kipande cha mkaa,
ukubwa wa ukucha wa mtoto.
Miaka ishirini na sita, na bado kinachora.
Utaratibu unasema: kisichopita si udongo, kitupwe.

Kimo mfukoni mwa koti langu jeupe.
Fomu ina mstari wa mkulima, wa ekari, wa zao la mwisho.
Mstari wa aliyewasha hauna.
Nimeuchora mwenyewe, chini ya muhuri,
kwa mkaa.